Anayelipa bili ya maji naye apewe nafasi ya kukopesha

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maji,
Dodoma.

Mheshimiwa, salamu kutoka Tanga. Naandika kuhusu hatifungani ya kijani (mkopo unaochukuliwa kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi inayotunza mazingira) ya Tanga UWASA, mamlaka yetu ya maji, iliyozinduliwa Februari 2024 kutafuta shilingi bilioni 53.12 kwa miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka. Fedha zilipatikana, tena zikazidi kidogo. Mamlaka ya maji ya mkoa kwenda sokoni yenyewe badala ya kungoja fungu la bajeti si jambo dogo, hongereni.

Lakini tupige hesabu. Asilimia 13.5 ya fedha hizo ni zaidi ya bilioni 7 kwa mwaka, na hiyo ni riba tu, deni lenyewe bado. Inalipwa kwa mapato ya maji, yaani bili zetu. Mama lishe wa Makorora, kinyozi wa Ngamiani, mwenye nyumba ya wapangaji kule Mabawa: kila anayeingiza kumbukumbu namba kwenye simu na kulipia uniti zake anachangia riba ya mwekezaji. Sina ugomvi na hilo. Mabomba chakavu hayabadilishwi kwa maneno. Ninachouliza ni kwa nini riba hiyo isirudi, japo kidogo, kwa hao hao wanaoilipa. Kununua hatifungani kwa kawaida kunataka benki au dalali, akaunti maalumu ya kutunzia hatifungani na fomu. Mama lishe ataanzia wapi? Akiba yake inabaki kwenye sanduku la VICOBA.

Kenya walijaribu mwaka 2017 kwa M-Akiba: hatifungani ya serikali kwa simu, kuanzia shilingi 3,000 za kwao. Toleo la majaribio liliuzwa lote, ila lililofuata, la bilioni moja, halikufika hata nusu. Kwa hiyo simu peke yake haitoshi. Mwananchi alikuwa anaikopesha bajeti asiyoiona. Sisi tunaliona bomba, na tunajua likikauka.

Ombi langu ni hili. Mamlaka itakayofuata kwenda sokoni itenge sehemu kwa wateja wake, kiwango cha chini kiwe cha mtu wa kawaida, na iuzwe pale pale dirishani wanapoulizia bili. Waelezwe wazi kwamba hiki si kibubu: pesa hufungwa miaka, na anayezitaka mapema lazima atafute mnunuzi. Hapa kwetu ningependa hata wakulima wa Amani wawemo, ili nao wawe na sababu ya kuutunza mto, maana wakilima hadi ukingoni mwa mto Zigi, tope lote linashukia bwawa la Mabayani, tunakopata maji yetu.

Na kila riba inapolipwa, ibandikwe taarifa ya Kiswahili ukutani, ukurasa mmoja tu: bomba kilomita ngapi zimelazwa, mitaa gani, maji yanayopotea njiani yamepungua kwa kiasi gani. Kwa Tanga, taarifa hiyo inaweza kuanza hata mwezi ujao.

Wako,
Mteja wa maji, Chumbageni, Tanga