Kafyu ina saa zake, oparesheni za jeshi mbona hazina tarehe?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako, manake hili jambo limenikaa rohoni siku nyingi. Mimi ni mtu wa Lamu na kazi yangu ni bahari. Huku kwetu wanajeshi si watu wa kuonekana kwa runinga siku ya Jamhuri wakipiga gwaride, tunawaona kila wiki, malori yao yakielekea Hindi na Bodhei, helikopta zikipita juu ya mikoko asubuhi mpaka watoto hawanyanyui tena vichwa kuziangalia.

Nianze kwa kusema sina ugomvi na KDF, jeshi letu la Kenya. Ndugu zetu Waboni kule Basuba na Mangai watakwambia wenyewe, kuna siku mgonjwa hana gari, hana barabara, na anayemtoa huko msituni ni mwanajeshi. Na Mpeketoni ya Juni 2014, mji umevamiwa na zaidi ya watu 60 wameuliwa, hakuna aliyehitaji kushawishiwa kwamba jeshi lije. Kwa hivyo asije mtu akasema huyu ni mpinzani ama ni wale wengine. Swali langu ni dogo tu. Jeshi likishatumwa mahali, nani anaangalia saa?

Angalia hii. Linda Boni, oparesheni ya kuwafukuza al-Shabaab, wale wanamgambo wa Somalia, kutoka msitu wa Boni, ilipoanza Septemba 2015 tuliambiwa ni siku 90, tisini! Mie nikahesabu kwa vidole nikasema basi kufika Disemba mambo yatakuwa sawa, tena kaskazi itakuwa imeingia tuvue vizuri. Disemba ikaja ikaenda, miaka ikapita, jina likageuka ikawa Amani Boni, na malori ni yale yale na vizuizi vya barabarani ni vile vile. Somalia nako si hivyo hivyo? Oktoba 16, 2011 wakavuka mpaka kwa jina la Linda Nchi, na sababu kubwa ilitoka hapa hapa kwetu, yule mzungu aliyeuawa Kiwayu na mkewe akachukuliwa, halafu yule mama Mfaransa wa Manda. Mwaka 2012 Linda Nchi ikaingizwa kwa AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika huko Somalia, 2022 AMISOM ikawa ATMIS, Januari 2025 ATMIS ikawa AUSSOM. Jina linabadilishwa kama mashua inayopakwa rangi upya ikauzwa kwa mtu mwingine, ukigonga ubao unajua ni ile ile.

Na sisi raia wa kawaida gharama yake tunaijua kwa njia zetu. Baada ya utekaji ule wa 2011 tuliambiwa hakuna kwenda bahari usiku. Sawa, usalama kwanza, tukakubali. Lakini bahari haina ofisi ya kufungua saa mbili asubuhi, samaki wengine ni wa giza, bamvua ikija na mwezi haupo ndio riziki, na ukikosa usiku ule umekosa mpaka mwezi ujao. Karabai ya marehemu baba ilining'inia ukumbini mpaka ikashika kutu kwenye kishikio na mimi nikawa nalipia deni la nyavu ambazo zinaoza. Kilichotuumiza zaidi ya marufuku yenyewe ni kwamba hakuna aliyekuja kutwambia ni mpaka lini. Ungeniambia miezi sita ningepanga, ningeenda Malindi kwa mjomba nikafanye kazi nyingine nirudi. Ukiniambia "mpaka hali itulie" nitapanga nini mimi?

Sasa kuna mama jirani yangu, kijana wake yuko jeshini, alienda Somalia. Huyu mama ana simu mbili, moja ya kawaida na moja ile ndogo ya tochi ambayo hampi mtu, hata kuitumia kutuma pesa hataki, manake hio ndio kijana anapiga nayo, namba inayoanza na 252. Akipiga hasemi yuko wapi, na ni haki yake asiseme, ni kazi. Anasema tu "niko salama mama, umekula?" Mama akimuuliza unarudi lini anacheka. Zamani nilidhani anaficha siri ya jeshi, siku hizi nadhani kijana mwenyewe hajui. Ile Ijumaa ya El Adde, kambi ya wanajeshi wetu Somalia ilipovamiwa, Januari 15, 2016, mimi nakumbuka tulitoka msikitini watu wamesimama vikundi vikundi wanaoneshana simu, na huyu mama alikaa barazani na ile simu mapajani mpaka jioni. Wake alikuwa kambi nyingine, alhamdulillahi. Lakini mpaka leo hii idadi kamili ya waliokufa El Adde serikali haijawahi kututangazia, na wale wana mama zao pia.

Watu wa sheria watasema katiba ipo. Ni kweli ipo, nimeisoma, kuna mwalimu mmoja hapa alinisaidia. Kifungu cha 240 kinasema kupeleka wanajeshi nje lazima Bunge likubali. Cha 241 kinasema kuwatumia ndani ya nchi kurudisha amani pia Bunge likubali. Vizuri kabisa. Lakini tafuta hapo ndani Bunge linakubali kwa muda gani, hupati. Halafu nenda kifungu cha 58, hali ya hatari, uone vile waliokiandika walikuwa macho: siku 14 tu, ukitaka kuongeza rudi Bungeni, kila nyongeza isizidi miezi miwili, ya kwanza thuluthi mbili ya wabunge wakubali, zinazofuata robo tatu. Yaani kutangaza hali ya hatari kwa mwezi mmoja ni kazi ngumu kuliko kuweka jeshi msituni miaka kumi!

Juni 2024 ilionekana wazi zaidi. Tarehe 25 vijana wa maandamano ya kupinga mswada wa fedha wameingia Bunge, jioni hio hio jeshi limetangazwa kusaidia polisi, kesho yake wabunge wakaidhinisha (na ukumbuke siku ile ile ya tarehe 25 polisi wetu 400 walikuwa ndio wanatua Haiti, hapo nakuachia mwenyewe mhariri). Mahakama Kuu haikusimamisha ile amri lakini iliambia serikali itangaze kwa gazeti rasmi wanajeshi watafanya nini, wapi na kwa muda gani, tena ndani ya siku mbili. Sasa kama jaji anaona hilo ni la lazima kwa barabara za Nairobi, kwa nini si la lazima kwa Boni? Kwa nini si la lazima kule Baringo na Pokot ambako wameenda Februari 2023 kuwatafuta majangili? Hata Mkuu wa Majeshi wetu, Jenerali Ogolla, Mungu amrehemu, helikopta ilianguka naye kule kule Elgeyo Marakwet Aprili 2024.

Na wasituambie kuondoka haiwezekani. Sudan Kusini Novemba 2016, Umoja wa Mataifa ulipomfuta kazi kamanda wetu aliyeongoza kikosi chao huko, tulikasirika tukaanza kuondoa wanajeshi kama 1,000 mwezi huo huo. Kongo walienda Novemba 2022 na Disemba 2023 wakawa wanatoka, lakini angalia ni kwa nini: serikali ya Kinshasa ilikataa kuongeza muda. Mwenye nyumba ndiye aliyeangalia saa, mgeni akafunga mizigo. Huku Boni mwenye nyumba ni sisi, na hatujawahi kuulizwa.

Ombi langu si watoke kesho, wakitoka kesho mie wa kwanza kulala macho wazi. Ombi langu ni kila oparesheni, ya ndani ama ya nje, iwekewe muda, miezi sita sita hivi, ikiisha waziri aende Bungeni aseme kimefanyika nini, wamebaki wangapi, tumezika wangapi, halafu wabunge wapige kura upya, na kwa majina tuwaone nani alinyanyua mkono. Siri za vita wabaki nazo, hatutaki kujua kambi iko wapi.

Mbunge wetu hukosekana mwaka mzima lakini kwa maulidi huja na kanzu mpya. Safari hii nitamngoja pale jeti na nitakuwa na mama jirani, na swali atauliza yeye.

Mvuvi,
Lamu