Tumbo ya gorila si tumbo ya mutu

Ndugu muhariri,

Ile mabishano ya kujua kama mutu aliumbwa kula majani ao kula nyama imefika hapa Bukavu na nguvu, mpaka kanisani, mpaka kwenye magrupe ya WhatsApp ya famili, na kila mara kuna mwenye kutoa mufano ya gorila. Anasema angalia gorila wa parke ya Kahuzi-Biega, lile dume la mugongo mweupe linapita kilo 150 na linakula majani tu, basi na sisi tuache nyama tutapata nguvu. Naomba mutoe hii barua juu hiyo mufano inadanganya watu na wenye kulipa ni watoto.

Gorila anashinda siku yote akitafuna majani, machipukizi ya mwanzi na maganda ya miti, halafu ana utumbo mukubwa mupana sana, ndani mwake vijidudu vinachachisha yale majani mpaka yanamupa nguvu. Sisi hatuko hivyo. Kwetu sehemu kubwa ni utumbo mudogo, ni tumbo ya mwenye kula kidogo lakini chakula kizito na cha kupikwa, na tena tuna ubongo ambao ni karibu 2% tu ya uzito wa mwili lakini unakula karibu 20% ya nguvu yetu hata tukiwa tumepumzika. Na wale wa nyama wasifurahi haraka, wanaosema eti tuna meno ya chonge njo maana tuko wa nyama, gorila ana chonge kubwa kushinda yetu na hawindi kitu. Sokwe, ndugu yetu wa karibu zaidi, yeye matunda njo chakula yake lakini nyama anakula pia, Jane Goodall, ule mutafiti wa sokwe, aliwaona kule Gombe, kwenye ziwa Tanganyika, mwaka 1960.

Kwa hiyo mutu ni wa vyote mbili, na mutu muzima anaweza kuishi muzuri na mboga nyingi. Bugali ya mahindi na maharage vinasaidiana kabisa, mahindi yana upungufu wa lisini, kipande kimoja cha protini, na maharage inaileta. Lakini bugali ya muhogo na sombe (majani ya muhogo) kidogo, asubui na mangaribi, hiyo kwa mutoto hapana. Tumbo yake ni ndogo, inajaa mbele ya kupata kinachohitajika. Na vitamini B12 hakuna jani inayoileta, mutu wa Ulaya akiacha nyama, mayai na maziwa anameza kidonge, nani atanunulia mutoto wa Kadutu hicho kidonge kila mwezi?

Hapa njo naumia. Kwetu kuku ikichinjwa firigisi ni ya baba, paja ni ya baba, wageni wanafuata, mutoto wa mwaka moja anapewa muchuzi. Sisi wamama tunagawa hivyo sababu tulikuta hivyo. Lakini baba tayari amekula brosheti kwenye nganda (baa), na nyama mingi haimufai, tangu 2015 shirika la kansa la WHO, lile shirika la afya la dunia, liliweka sosisi na nyama zingine za viwandani kwenye fungu la vitu vinavyoleta kansa, na nyama nyekundu kwenye vinavyoshukiwa. Mwenye kuhitaji kile kipande ni mutoto, kuanzia miezi 6 mpaka miaka 2, WHO inasema apate nyama, samaki ao yai kila siku.

Kila siku! Najua mutasema pesa iko wapi. Ng'ombe siyo lazima, na nyingi zimeporwa tangu vita. Kuna sambaza, zile samaki ndogo zilitolewa Tanganyika wakaziweka kwenye ziwa Kivu mwisho wa miaka ya 1950, unakausha, unatwanga na mifupa yake yote, unatia kijiko kwenye uji. Kuna yai moja. Kuna simbilisi, wale wanafugwa chini ya jiko kule Kabare na Walungu, hawaombi shamba. Mupastore anayekataza mama kumupa mutoto sambaza apite kwanza kwenye lopitali aone bwaki, ule ugonjwa wa kukosa chakula kizuri, kwa macho yake, miguu imevimba, nywele imegeuka rangi, mutoto hana tena hamu ya kitu.

Kwenye lopitali ya Lwiro wanatibu watoto wa bwaki tangu zamani na si mbali na muji. Tumeni muandishi wenu kule aulize wanganga vipimo vya uji wa sambaza, halafu mutoe ukurasa muzima, kwa Swahili yetu ya hapa ili kila mama asome.

Mama musomaji wenu,
Kadutu, Bukavu