Kabla hujaihukumu kadi ya grafiki

Gemu linaganda, skrini inakuwa nyeusi, feni zinanguruma, na mwenye kompyuta ameshaamua kwamba kadi ya grafiki imekufa. Mara nyingi haijafa. Kadi ndiyo inayokula umeme mwingi kuliko kifaa kingine humo ndani, kwa hiyo udhaifu wa pawa saplai, RAM au kebo huonekana pale kadi inapofanyishwa kazi nzito. Lawama inaiangukia yenyewe.

Kama unaona vitone vya rangi, mistari au maumbo yaliyovutika, bonyeza Print Screen, hifadhi picha, kisha ifungue kwenye simu. Uchafu ukiwemo kwenye picha, umetokea kwenye kadi, kumbukumbu yake au draiva (programu inayoiendesha kadi). Picha ikiwa safi, badilisha kwanza kebo ya monita na tundu la kadi ulilochomeka. Uchafu unaojitokeza hata ndani ya BIOS (skrini ya mipangilio ya ubao mama), kabla Windows haijawaka, hauhusiani na draiva, na ukiendelea baada ya kubadilisha kebo na monita, kadi ina kesi ya kujibu. Uchafu wa gemu moja tu, shuku gemu hilo.

Draiva isafishwe vizuri. Kusakinisha mpya juu ya ya zamani huacha mabaki. Pakua draiva kutoka NVIDIA, AMD au Intel, kata intaneti ili Windows isiwahi kuweka yake, washa kompyuta katika hali salama (Safe Mode), futa ya zamani kwa programu ya DDU, ndipo usakinishe mpya. Ukiona tukio namba 4101 kwenye orodha ya matukio ya Windows (Event Viewer), maana yake draiva iliacha kujibu na Windows ikaiwasha upya. Kwa kawaida Windows husubiri sekunde 2 tu. Tukio hilo halisemi mkosaji ni nani, ingawa watu hulisoma kama cheti cha kifo.

Kwenye umeme ndiko tunakowaomba wateja wakae muda mrefu. Sloti ya ubao mama hutoa hadi wati 75, plagi ya pini 6 wati 75, na ya pini 8 wati 150. Kadi yenye plagi mbili za pini 8 ipewe kebo mbili tofauti kutoka pawa saplai, si kebo moja yenye vichwa viwili. Kadi za kisasa pia hupandisha mahitaji ghafla kwa milisekunde chache, kupita wati zilizoandikwa kwenye boksi, na pawa saplai iliyochoka hujikata hapo hapo. Kompyuta inayozimika kabisa au kujiwasha upya, anza na pawa saplai. Plagi ya pini 16 isukume mpaka mwisho, pasibaki mwanya, wala usiikunje kebo karibu na kichwa. Plastiki ikiwa imeyeyuka, usiiwashe tena. Na usichukue kebo ya pawa saplai nyingine hata kama inaingia: mpangilio wa pini upande wa pawa saplai hutofautiana, na kosa hilo huunguza vifaa.

Jaribio zuri lisilo na gharama: kwa programu ya MSI Afterburner, shusha kikomo cha umeme hadi asilimia 70, kisha cheza. Kuganda kukikoma, tafuta kwenye umeme au upoozaji kabla ya kushuku chipu. Kisha kirudishe kikomo, shusha kasi ya kumbukumbu kwa MHz 500. Vitone vikitoweka hapo, kumbukumbu ya kadi inaelekea kuharibika.

Joto lisome kwa programu ya HWiNFO wakati gemu linaendelea. Nyuzi 65 hadi 85 si za kutisha. Kinachotushtua zaidi ni tofauti kati ya joto la chipu na la sehemu yake yenye moto zaidi: ikivuka nyuzi 30, pesti ya kupitisha joto imekauka au kipoozi hakijakaa sawa. Feni kusimama kadi ikiwa haina kazi ni kawaida kwa kadi nyingi.

Kagua pia RAM na kichakataji. Zima XMP au EXPO (mipangilio inayoongeza kasi ya RAM) kwenye BIOS, na upime RAM kwa programu ya MemTest86. Baadhi ya vichakataji vya Intel Core vya kompyuta za mezani, kizazi cha 13 na 14, viliharibika taratibu kwa volteji iliyozidi, na gemu zilizotengenezwa kwa Unreal Engine zikadai kumbukumbu ya video imekwisha wakati kadi ni nzima. Maikrokodi (maelekezo ya ndani ya kichakataji) 0x12B ya Septemba 2024, inayokuja na sasisho la BIOS, huzuia uharibifu lakini haiponyi kilichokwisha haribika.

Baada ya hayo, ihamishie kadi kwenye kompyuta nyingine yenye umeme wa kutosha. Tatizo likiifuata, ni lake. Usiioke kwenye oveni: ikifufuka ni kwa muda mfupi, na kadi iliyookwa ni ngumu kutengeneza. Feni, pesti na pedi za joto ni kazi nyepesi. Kubadilisha chipu za kumbukumbu ni nzito, na tunakushauri kwanza kama kadi ina thamani ya kazi hiyo.

Angalia dhamana kabla ya kugusa skrubu yoyote ya kadi. Ukituletea, lete kompyuta nzima pamoja na kebo zake zote, si kadi peke yake, na utuandikie gemu linalogoma na dakika ngapi hupita kabla halijagoma.