Anko, rimoti iko kwa nani?

Anko,

Uliniuliza mbele ya ukumbi mzima, siku ya harusi ya dada yako, kwa hiyo nami nakujibu mbele za watu. Ulinionyesha lile dubwana la roboti ulilolichora nyuma ya daftari la hesabu, mizinga mabegani, kichwa mawinguni, ukataka kujua: likipambana na droni mia, nani atashinda? Nikacheka, nikakimbilia pilau. Nisamehe.

Zitashinda droni. Dubwana lako ni kubwa mno, halina pa kujificha. Ila tangu siku ile nawaza jambo jingine.

Madubwana ya aina hiyo yana babu yao Japani. Mwaka 1956 mchoraji Mitsuteru Yokoyama alianza hadithi ya katuni ya Tetsujin 28, mtu wa chuma namba 28, roboti lililokusudiwa kuwa silaha ya jeshi la Japani, vita vikaisha kabla halijatumika. Yokoyama alizaliwa Kobe. Mji huo ulipoteketezwa kwa mabomu ya ndege za Marekani mwaka 1945, alikuwa na umri kama wako.

Sasa sikia. Roboti lile halina akili yake wala upande. Linaendeshwa kwa rimoti. Ikiwa mkononi mwa mtoto Shotaro, linaokoa watu. Wabaya wakiipora, dubwana lilelile linawatumikia wao, kwa nguvu ileile, bila kinyongo. Wewe unalijua hili kuliko mimi. Ile rimoti ya tivii ya kwenu, iliyofungwa rababendi kwa sababu kifuniko cha betri kilipotea, mdogo wako akiinyakua nyumba nzima inaangalia katuni, baba yako akiwemo, na taarifa ya habari ndiyo imekwisha hivyo.

Droni nazo, nyingi bado zina mtu aliyeshika rimoti, hata kama yuko nchi nyingine. Akipiga msafara wa harusi, kama ulivyopigwa ule wa Yemen Desemba 2013, walau kuna wa kuulizwa, ingawa kuulizwa na kujibu ni mambo mawili. Kinachoundwa sasa ni silaha itakayojichagulia yenyewe nani wa kumpiga. Desemba 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuonyesha wasiwasi juu ya silaha hizo: nchi 152 ziliunga mkono, 4 zilipinga, 11 hazikuegemea upande wowote. Azimio halimfungi mtu mikono, najua.

Na usidhani silaha isiyo na mshika rimoti ni kitu kigeni. Bomu la kutegwa ardhini ndilo hilo. Aliyelifukia ameshazeeka, pengine ameshakufa, lenyewe bado linasubiri. Halijui kama vita vimeisha. Unyayo wa askari na wa mtoto anayechunga mbuzi, kwake ni uzito tu. Mkataba wa kuyapiga marufuku ulisainiwa Ottawa mwaka 1997, lakini yaliyokwisha kufukiwa hayasomi mikataba.

Unajua nani anayasaka? Panya buku wa Morogoro! Shirika la APOPO linawafundisha pale Chuo Kikuu cha Sokoine kunusa baruti. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapahapa Tanzania, akapelekwa Kambodia. Kilo moja na ushee, mwepesi kiasi kwamba akipita juu ya bomu halilipuki. Akilinusa anakwaruza ardhi, anapewa kipande cha ndizi. Mpaka anastaafu mwaka 2021 alikuwa ameibua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, na shirika moja la wanyama la Uingereza lilikuwa limemvisha nishani ya dhahabu. Panya, anko.

Likizo ukija nitakupeleka Morogoro tukaombe kuwaona. Njoo na lile daftari. Nimeangalia tena picha niliyoipiga siku ile: mizinga naiona, mawingu nayaona, aliyeshika rimoti hukumchora.

Mjomba wako