Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mikutano, mafunzo mawili, kliniki za kila mwezi za wagonjwa wa pumu na mapafu hapa Bweyale na vijijini: hayo mnayajua, kumbukumbu ziko kwa katibu. Mapato yote Sh 1,840,000, matumizi Sh 1,715,000.

Nije kwenye lililozua maneno. Wengi mlitaka nebulaiza, mashine ya umeme inayogeuza dawa ya pumu kuwa ukungu wa kuvuta. Kamati chini yangu ikanunua inhela (vipulizio vya mkononi) za salbutamoli, dawa ya kufungua njia ya hewa, na oksimeta mbili, vifaa vya kidoleni vya kupima oksijeni ya damu; na spesa, chupa ambamo dawa ya inhela hupita kabla ya kuvutwa, tukazitengeneza wenyewe. Naambiwa niliamua peke yangu. Nimeitisha kikao mara tatu, akidi haikutimia, na inhela zilikuwa zimekwisha.

Nebulaiza inataka umeme, nao unakatika. Kikombe chake kisipooshwa na kukaushwa hueneza vijidudu. Shambulio lisipokuwa la kutishia uhai, inhela yenye spesa inatosha kabisa. Chukua chupa ya soda ya nusu lita, toboa kitako kwa waya wa moto, tundu liubane mdomo wa inhela, ziba pembeni kwa plasta. Ikivuja, dawa inapotea. Ioshe kwa maji ya sabuni, ijikaukie yenyewe. Ukiisugua kwa kitambaa plastiki hupata umeme tuli, dawa ikanata ndani ya chupa. Bonyeza mara moja, mgonjwa avute pumzi tano za kawaida, ndipo ubonyeze tena. Mzee mwenye vidole vilivyokakamaa abonyezewe na mwingine. Kwa spesa hahitaji kuvuta papo hapo.

Wakunga, nawasihi: mjamzito mwenye pumu asiachishwe inhela, hata ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe wa njia ya hewa. Pumu isiyotulizwa humnyima mtoto oksijeni, na hatari hiyo inaizidi ya dawa. Kwake oksimeta isisome chini ya asilimia 94. Mzee ambaye moshi wa kuni umemziba mapafu, akiwekewa oksijeni lengo ni 88 hadi 92. Mkimpandisha hadi 99, kabonidayoksaidi, hewa chafu tunayoitoa, hujaa damuni, anaanza kusinzia. Futeni rangi ya kucha kwanza, na kidole kiwe na joto. Utafiti wa Masindi uliochapishwa 2015 ulikuta ugonjwa huu wa mapafu kuziba kwa asilimia 16.2 ya waliopimwa, watu wa zaidi ya miaka 30. Hao ni jirani zetu.

Lakini siku ya kufundishwa oksimeta walikuja 11 kati ya wanachama 46, na walionilaumu zaidi hawakuonekana. Ada wamelipa 19. Inauma.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tutatafuta wafadhili, pengine na spirometa, kipimo cha nguvu ya pumzi. Mweka hazina yuko mlangoni na kitabu cha risiti.