Ndege zilizoipiga Kigoma mwaka 1916 hazikuwa za Wajerumani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika wiki mbili zilizopita kuhusu "mzee wa Gungu anayewachongea watoto ndege za Hitler". Mzee huyo ni mimi. Barua yake haikuniudhi, kwani aliandika kwa uchungu na kwa adabu. Lakini lipo neno moja siwezi kuliacha lipite. Alisema ndege ninazochonga ndizo zilizoimwagia mabomu bandari yetu katika vita vya kwanza, na kwamba kuzipanga mezani ni kuwaheshimu walioshambulia mji wa babu zetu.

Hapana, ndugu yangu. Ndege zilizoipiga Kigoma Juni 1916 zilikuwa za Wabelgiji. Zilikuwa za aina ya Short, zenye maboya ya kutulia majini, zimeundwa Uingereza. Wabelgiji walipewa nne, zikasafirishwa vipandevipande hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, zikaunganishwa huko. Zikawa zinavuka maji kuja kuitafuta meli ya Wajerumani, Graf von Goetzen, ambayo leo sote tunaiita Liemba. Wajerumani wenyewe hawakuwa na ndege hata moja hapa Kigoma. Koloni lao zima la Afrika Mashariki lilikuwa na moja tu, aliyokuja nayo rubani Bruno Büchner mwaka 1914, nayo ilikuwa Dar es Salaam. Huku kwetu haikufika.

Na katika habari hiyo ya 1916 kuna jambo ambalo mimi kama seremala huwa silimalizi kulifikiria. Mizinga ya Goetzen ilikuwa imeng'olewa, ikapelekwa kwenye vita vya nchi kavu. Mahali pake pakasimamishwa mizinga ya mbao, ili anayetazama kutoka mbali adhani meli bado ina meno. Kwa hiyo waliovuka ziwa kuja kuipiga walikuwa wanaiogopa kazi ya patasi. Tarehe 26 Julai mwaka huohuo Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe, baada ya kuzipaka injini grisi ili zisiliwe na kutu, na ndiyo maana Waingereza walipoiibua mwaka 1924 ilifaa kutengenezwa, ikarudi kazini mwaka 1927. Ndege inayokuja kupeleleza inaweza kuuona mzinga ulivyo, au ikadanganywa na gogo lililopakwa rangi. Kwangu mimi hapo ndipo penye utamu wa ndege za upelelezi, na ndiyo sababu sichongi za kupiga mabomu wala za kupigana angani. Nachonga zile zilizotumwa kutazama.

Nilianzia wapi? Nilikuwa fundi seremala wa mabehewa relini. Mwaka 1987 mhandisi mmoja wa kigeni aliyekuwa anamaliza mkataba wake aliniachia boksi bovubovu la vipande vya plastiki. Ilikuwa modeli ya Fieseler Storch, ndege ndogo ya upelelezi ya Wajerumani ya vita vya pili, haina bawa la kushoto wala magurudumu. Nikalichonga bawa lililopungua kwa mti wa msufi, maana ni laini na mwepesi, magurudumu nikayakata kwenye soli ya kandambili. Ilipokamilika niliitundika kwa uzi dirishani, na tangu siku hiyo sijaacha.

Storch ni korongo. Wajerumani waliipa jina hilo kwa sababu miguu yake mirefu huning'inia ikiwa angani, kama ya korongo hasa. Nasi korongo weupe tunawajua, wanakuja nchini kwetu kila mwaka wakikimbia baridi ya Ulaya. Ndege hiyo iliweza kuruka katika uwanja mfupi, mita 60 hivi ikiukabili upepo, na kutua katika pafupi zaidi. Siri yake iko kwenye bawa: kwenye ukingo wa mbele kuna ubao mwembamba uliokazwa ukiacha mwanya, hewa inapita hapo na kulishika bawa hata ndege ikienda polepole mno. Mwanya huo kwenye modeli yangu unapitisha kadi ya simu tu. Nimeuharibu mara nyingi kuliko nilivyoupatia.

Sasa natumia kipimo cha moja kwa hamsini. Wenye modeli za maboksi wana vipimo vyao, lakini kwa mtu mwenye rula na msumeno hiki ndicho chepesi: kila mita moja ya ndege ni sentimita mbili za mbao. Mjukuu wangu ananitafutia michoro kwenye simu, ule wa juu, wa ubavuni na wa mbele, tunaichapisha steshenari ya jirani, kazi inaanza.

Iliyonichukua muda kuliko zote ni Focke-Wulf 189. Wajerumani waliiita Uhu, yaani bundi mkubwa, na hapo nyumbani kwangu palizuka neno. Mama watoto alisema bundi haingii ndani ya nyumba yake, awe wa nyama au wa mbao. Sikubishana naye. Watoto wakaamua kuiita Rama, jina walilolitumia askari wa Kisovieti, yaani fremu, kwa sababu ukiitazama kutoka chini unaona mikia miwili imeunganishwa nyuma kama fremu ya dirisha. Bawa lake ni mita 18.4 toka ncha hadi ncha, kwa hiyo langu ni sentimita 36.8. Mikia nimeichonga kwa mninga ili isivunjike, bawa kwa msufi.

Shida ni kabini. Watu watatu walikaa ndani ya chumba cha vioo vitupu, mbele, juu, chini na nyuma, waone kila upande. Vioo hivyo utavipata wapi Kigoma? Nilichonga kwanza umbo la kabini kwa mninga, nikalipiga msasa mpaka likawa laini kama yai. Nikaliingiza ndani ya chupa ya maji ya nusu lita iliyokatwa kitako, nikaizungusha chupa juu ya jiko la mkaa, si karibu sana. Plastiki hujikunja taratibu na kulibana umbo. Ikizidi moto inakuwa nyeupe na kutoboka, basi unaanza upya. Chupa ya saba ndiyo iliyokubali. Ukiikata kwa wembe na kulitoa umbo, unabaki na kabini nyepesi inayoonesha ndani. Fremu za vioo ni selotepu iliyopakwa rangi kwanza, ikakatwa nyuzinyuzi na kubandikwa moja moja. Hapo huwa sitaki kusemeshwa.

Mbele ya kila injini kuna kitu kilichonipa raha: kofia ya katikati ya pangaboi ina mapezi madogo kuizunguka. Si urembo. Upepo unayasukuma, nayo yanabadilisha pembe ya makafi ya pangaboi kulingana na mwendo. Niliyakata kwenye bati la kopo la maziwa. Injini zenyewe, Argus za silinda 12, zilikuwa na nguvu za farasi 465 kila moja, si nyingi, na ndege haikuwa na mbio. Iliyoiokoa ni wepesi wake wa kujipinda katika duara dogo. Zilijengwa zaidi ya 800, nyingine katika viwanda vya Prague na Ufaransa vilivyokuwa chini ya Wajerumani. Moja iliyoangushwa kaskazini mwa Urusi Mei 1943 ilikaa msituni mpaka ilipotolewa mwaka 1991.

Pembeni yake ipo Blohm & Voss 141, ambayo kila anayeingia barazani huuliza kama niliikosea. Mjukuu wangu wa darasa la tano aliniambia, "Shikamoo babu, hii mbona imeenda upande?" Injini na mkia viko kushoto, chumba cha watu kiko kulia, katikati hakuna kitu. Nilimpa ndoo ya maji aishike kwa mkono mmoja, nikamwambia atembee. Mwili ukaegemea upande wa pili wenyewe. Pangaboi linapozunguka huivuta ndege upande mmoja, na mhandisi Richard Vogt aliutumia uzito wa chumba cha watu kuirudisha. Tena kwa kuwa injini haikai mbele ya macho, mpelelezi anaona vizuri zaidi. Hata kibawa cha mkiani kilikatwa upande wa kulia, ili mshika bunduki apate nafasi ya kulenga nyuma. Ilianza kuruka mwaka 1938 na iliruka vizuri. Lakini injini zake za BMW zilihitajika kwenye ndege za kivita, na Bundi alikwishachaguliwa, kwa hiyo zilizojengwa hazikufika 30. Huyo mtoto sasa ndiye anayenishikia rula.

Narudi kwa msomaji mwenzangu, kwa sababu alichokisema kuhusu Hitler kinastahili jibu la wazi. Macho hayo hayakuwa safi. Askari wa Kisovieti walipoiona Rama juu ya mahandaki yao walijua kwamba mizinga inafuata. Picha iliyopigwa asubuhi iliua watu mchana. Watoto wanaokaa barazani kwangu nawaambia hivyo, kabla hawajashika msasa. Mkiani ndege hizi zilikuwa na alama ya Wanazi. Mimi siichori. Naacha mkia mtupu, na mtoto akiuliza kwa nini pako patupu namweleza serikali ile iliwafanya nini Wayahudi na watu wengine ambao iliona si watu. Wapo wachongaji watakaosema modeli isiyo na alama haijakamilika. Kwangu imekamilika, maana pale patupu pananiletea swali kila wiki.

Lakini siwezi kukubali kwamba dawa yake ni kuwaficha watoto ndege hizo, au kuwaambia zilifanya lisilofanyika. Mtoto wa Kigoma akikua akiamini Wajerumani ndio walioipiga Goetzen kwa mabomu, hatajua kwamba mji wake ulikuwa ukipiganiwa na wageni wawili, mmoja akiwa bandarini na mwingine akitokea angani, na hakuna aliyemuuliza mwenyeji. Wabelgiji waliingia Kigoma mwaka huohuo, na Septemba wakaichukua Tabora. Wapagazi waliobeba mizigo ya pande zote mbili walikuwa watu wetu. Hayo nayo nayasimulia, na modeli ndiyo inayonipa wasikilizaji. Bila ndege mezani hakuna mtoto wa miaka kumi atakayeketi kumsikiliza mzee akisema habari za 1916.

Kwa hiyo, Mhariri, ombi langu ni dogo. Gazeti lako liliichapa barua ile bila kusahihisha. Tafadhali andika, hata kwa mistari miwili, kwamba ndege zile zilikuwa za Wabelgiji na zilitoka Kongo.

Nami kosa lake limenifundisha nina pengo mezani. Nina korongo, nina bundi, nina ile iliyoenda upande, lakini ile moja iliyoruka kweli juu ya bandari yetu sina. Nimeianza Short, japo ilibeba mabomu na mimi huwa sichongi za namna hiyo. Ina mabawa mawili, la juu na la chini, yamefungwa kwa nguzo na nyaya, nami nguzo nazichonga kwa vijiti vya makuti ya michikichi, nyaya ni uzi wa kuvulia samaki. Mabawa yako tayari. Ikikamilika itakaa mbele ya Liemba ndogo niliyoichonga zamani, yenye mzinga wa mbao.

Msomaji mwenzangu akipenda, Jumamosi baada ya saa nane mchana huwa niko barazani, Gungu, akiuliza kwa seremala wa reli ataoneshwa. Aje na mwanawe. Msasa upo wa kutosha, na maboya ya Short bado hayajasuguliwa.

Seremala mstaafu wa reli,
Gungu, Kigoma