Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024: Gesi ya Ntorya, Sheria na Maji Yetu

Ndugu wanachama, wazee wetu, mama zetu na vijana,

Jambo kubwa la mwaka huu mnalijua. Serikali imetoa leseni ya kuendeleza gesi ya Ntorya, hapa mkoani Mtwara. Kisima cha kwanza pale kilichimbwa mwaka 2012, cha pili mwaka 2017, na sasa mpango ni kulaza bomba hadi kiwanda cha kuchakata gesi cha Madimba, ili gesi iingie kwenye bomba kubwa la Dar es Salaam lililozinduliwa Oktoba 2015. Gesi inayochimbwa tayari iko mbali na mashamba: ya Songo Songo ni kisiwani, ya Mnazi Bay iko kule Msimbati ufukweni. Hii ya Ntorya iko ndani, kwenye mikorosho na mihogo. Kwa sababu hiyo kamati yenu iliamua kwamba mwaka huu kazi ya kwanza iwe kusoma sheria, kifungu kwa kifungu, pamoja na wanasheria waliojitolea. Nawashukuru sana wanasheria hao, na nawashukuru wanachama mliokuwa mkija kusoma hata msimu wa kuokota korosho.

Tumesoma nini? Sheria tatu ndizo zinazobeba sekta hii, na zote zilipita Bungeni Julai 2015: Sheria ya Petroli, Sheria ya Usimamizi wa Mapato ya Mafuta na Gesi, na Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji katika tasnia ya uziduaji, yaani uchimbaji wa madini, mafuta na gesi. Zilipelekwa kwa hati ya dharura. Wabunge wa upinzani walipinga haraka hiyo, baadhi wakatolewa nje, na Agosti Rais Kikwete akatia saini. Msimamo wangu nausema wazi: jambo la vizazi halikustahili kupita kwa siku chache, tena baada ya damu iliyomwagika hapa Mtwara mwaka 2013 katika mgogoro wa bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam. Watu waliokuwa wamedai kusikilizwa walistahili muda wa kusoma miswada.

Hata hivyo yaliyomo si mabaya, na mengine ni silaha yetu tukijua kuitumia. Mafuta na gesi ni mali ya Jamhuri ya Muungano. PURA, mamlaka ya udhibiti wa mkondo wa juu wa petroli, inasimamia utafutaji na uchimbaji; EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, inasimamia usafirishaji na usambazaji; TPDC, shirika la maendeleo ya petroli, ni kampuni ya taifa. Mwenye leseni anatakiwa kuandaa mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Kwa hiyo zahanati au kisima cha maji kinachotokana na mpango huo hakipaswi kupokelewa kama sadaka. Sheria ya Uwazi nayo inataka mikataba na leseni ziwekwe hadharani. Tuliandikia ofisi moja ya umma kuomba nyaraka kwa kutumia sheria hiyo. Mpaka naandika taarifa hii hatujapata jibu, na tutaandika tena.

Sasa nije kwenye swali lililoulizwa karibu kila kikao: je, huku kwetu watapasua miamba kwa shinikizo la maji, ile njia inayoitwa frakingi?

Jibu linaanzia ardhini. Gesi ya Songo Songo, Mnazi Bay na Ntorya imo kwenye miamba ya mchanga yenye vitundu. Kisima kikifika, gesi hupanda kwa nguvu yake. Frakingi hutumika hasa pale gesi iliponaswa ndani ya mwamba wa tope ulioshikana kabisa. Hapo husukumwa maji mengi yaliyochanganywa na mchanga na kemikali ili mwamba upasuke, na sehemu ya maji hayo hurudi juu yakiwa machafu na yenye chumvi kali. Kwa hiyo asiwatishe mtu kwamba kila mtambo wa kuchimba ni frakingi. Lakini leseni za gesi ni za miaka mingi na teknolojia hubadilika. Kanuni za maji ziandikwe kabla mtambo haujafika.

Nchi zilizoandika kanuni baadaye zimeumia. Marekani, sheria ya nishati ya mwaka 2005 iliitoa frakingi kwenye masharti ya sheria ya shirikisho ya maji salama ya kunywa, isipokuwa pale inapotumika dizeli. Mzigo wa kudhibiti ukabaki kwa majimbo, na kila jimbo likashika njia yake. New York ilitangaza kupiga marufuku Desemba 2014. Pennsylvania, jirani yake anayekalia mwamba uleule wa gesi uitwao Marcellus, iliruhusu, na mwaka 2012 ikatunga sheria ya kuzinyang'anya halmashauri mamlaka ya kupanga visima vikae wapi. Halmashauri zilikwenda mahakamani, na Desemba 2013 mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo ikavibatilisha vifungu hivyo, ikiegemea ibara ya katiba yao inayowapa wananchi haki ya hewa safi na maji safi.

Afrika Kusini iko karibu nasi zaidi. Serikali ilisimamisha maombi ya frakingi katika nyanda kame za Karoo mwaka 2011, ikaondoa zuio mwaka 2012, na mwaka 2015 ikatoa kanuni. Wakulima na wanamazingira walizipinga. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilizifuta, kwa sababu waziri wa madini aliyezitoa hakuwa na mamlaka ya kutunga kanuni za mazingira. Miaka yote ile, kumbe kanuni zimeandikwa na mkono usiostahili. Kwa hiyo tunapodai kanuni hapa, tudai pia ijulikane nani anaziandika na nani anazisimamia.

Sisi tunayo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, inayodai tathmini ya athari kabla ya mradi, na Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, inayodai kibali cha kutumia maji na kibali cha kutiririsha maji taka. Bodi ya maji ya bonde letu, Ruvuma na Pwani ya Kusini, ndiyo mlango wa kubisha.

Kamati inaleta maombi matatu mkutano uyaamue. Maji ya visima vyetu vya kunywa yapimwe sasa, kabla ya uchimbaji mpya, na matokeo yabandikwe kwenye ofisi za vijiji. Bila kipimo cha leo, kesho hatutakuwa na ushahidi. Tuiombe Wizara kanuni mahususi za maji ya visima vya gesi, pamoja na orodha ya kemikali iliyo wazi kwa wananchi. Na tuchague wajumbe wawili, mmoja awe mama, wa kuhudhuria vikao vya tathmini ya mazingira kwa niaba yetu.

Hesabu za chama atawasomea mweka hazina. Ada zinachelewa, nami naomba zilipwe, maana vipimo vya maabara vina gharama.

Majina ya wajumbe hao wawili yapokelewe na katibu kabla ya chakula cha mchana.

Mwenyekiti